SINDANO ZA HARAKA NA MGUU WA MWENZETU



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika juu ya mishahara, nyumba na saa za kazi. Leo twaomba ruhusa tuandike juu ya sindano. Msicheke. Tunaye mwenzetu wa gengi ya njia ambaye tangu mwaka jana hawezi kuinua wayo wa mguu wake wa kulia. Hakuangukiwa na reli wala hakugongwa na behewa. Alidungwa sindano.

Tutaeleza habari zake bila kumtaja jina, maana ametuomba hivyo. Kliniki nayo hatuitaji, kwa kuwa neno letu si juu ya kliniki moja. Alikuwa ameshinda kazini akiinua mataruma, na jioni mgongo ukamkamata. Saa tatu usiku akaenda kwenye kliniki moja ya saa ishirini na nne, moja ya hizi zilizoota kando ya kila stesheni na kila stendi ya matatu, zenye taa ya kijani na maandishi makubwa. Akamkuta kijana mwenye koti jeupe. Kijana hakumwuliza kama ana vidonda vya tumbo, hakumwuliza anatumia dawa gani nyingine, wala hakumpima presha. Alisema, "Mzee, geuka upande," akadunga. Mwenzetu asema alisikia moto ukishuka kutoka takoni mpaka kidole gumba cha mguu. Alipiga kelele. Akajibiwa, "Vumilia, ni dawa inaingia."

Asubuhi wayo ulikuwa unaburura chini. Alipofika hospitali kubwa daktari alimwuliza maswali matatu: ulidungwa dawa gani, kiasi gani, na nani? Hakuwa na jibu hata moja. Alikuwa na risiti mfukoni, nayo ilisema "Sindano 500/=" basi. Leo amewekwa stoo kuhesabu misumari na bolti. Mshahara wa msingi anao, lakini ovataimu na posho ya njia zimekwenda, na watoto wake watatu wako shuleni.

Tulimwuliza muuguzi mmoja mzoefu jambo hili limetokeaje, naye akatueleza kwa subira. Ndani ya tako inapita neva kubwa, nene kama kidole, ndiyo inayopeleka nguvu mguuni. Kwa hiyo mwuguzi aliyefundishwa huligawa tako kwa macho katika mafungu manne, na kama analazimika kudunga hapo, hudunga katika fungu la juu la upande wa nje tu. Wengi siku hizi hufundishwa kuchagua ubavu wa nyonga au paja kwa upande wa nje, ambako neva hiyo haipo karibu. Tena ziko dawa zenye ukali ambazo zikimwagika karibu na neva huiunguza hata kama ncha yenyewe haikuigusa. Mgonjwa akilia kwamba moto unashuka mguuni, sindano hutolewa pale pale. Haambiwi avumilie.

Wala si mwenzetu peke yake. Mwaka 2015 magazeti yetu yaliandika juu ya watoto zaidi ya ishirini wa kaunti ya Busia waliolemaa miguu baada ya kudungwa sindano za malaria. Watoto wale walipelekwa na mama zao kutafuta uzima.

Sasa tuseme kweli ambayo haitatupendeza. Sehemu ya kosa hili ni yetu wenyewe. Ni nani kati yetu asiyependa sindano? Daktari akitupa vidonge twanung'unika njia nzima kwamba hakututibu. Tukidungwa twatoka tukichechemea, lakini moyo umeridhika. Imani hii ni ya zamani. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilipoleta sindano za buba, wazee wetu waliona vidonda vya miaka vikikauka kwa siku chache. Baadaye ikaja penisilini, nayo ikafanya maajabu yake. Basi watu wakashika kwamba nguvu iko katika ncha ya chuma, nasi tumerithi. Lakini nguvu ilikuwa katika dawa. Diklofenaki ya sindano na diklofenaki ya kidonge ni dawa ile ile, moja inapita mlango wa mbele na nyingine mlango wa nyuma. Ile ya sindano huenda ikaanza kazi mapema kidogo, lakini haina ukubwa mwingine wowote, na madhara yake ni yale yale: haifai kwa mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo dhaifu, mwenye ugonjwa wa moyo, mwanamke mwenye mimba iliyokomaa, wala mtu ambaye aspirini humletea pumu. Ndiyo sababu ya kuulizwa maswali kwanza.

Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria, mwanzo wa miaka ya 2000, kwamba sindano bilioni 16 hudungwa kila mwaka katika nchi zinazoendelea. Zile za chanjo zilikuwa sehemu ndogo sana. Zilizobaki karibu zote zilikuwa za kutibu, na nyingi kati ya hizo hazikuhitajiwa kabisa.

Pia iko sababu nyingine, nayo haimo katika imani. Twataka sindano kwa sababu twataka kurudi kazini kesho. Kibarua asiyefika kazini halipwi. Mwenye kazi ya kudumu akileta karatasi ya kupumzika siku tatu, nyapara humtazama kama mwizi. Basi mtu huingia kliniki na kusema, "Nipige sindano moja kali, nina zamu saa kumi na moja alfajiri." Tabibu naye, kama mwenye kliniki hupata faida zaidi katika sindano kuliko katika vidonge, atakataa kwa nini? Wakuu wa kazi wanaopenda kutuhubiria juu ya afya wangeanza na shauri hili la karatasi za kupumzika.

Tuchukue malaria, maana hiyo twaijua sote tuliofanya kazi Kisumu na Pwani. Mtu mwenye malaria ya kawaida, anayeweza kunywa na kumeza, hupimwa damu kwanza, kisha akapewa vidonge vya mseto: mtu mzima vidonge 24 kwa siku tatu, vinne kwa kila mara, mara sita. Hapo sindano haina kazi. Sindano ni ya malaria kali, yaani mgonjwa anayetapika kila kitu, asiyeweza kuketi, anayepata degedege au aliyepoteza fahamu. Na kwa hiyo dawa ni artesuneti. Utafiti uliotolewa mwaka 2010, uliofanywa kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, yetu ikiwamo, ulionyesha kwamba katika waliopewa kwinini walikufa 10.9 kwa kila mia, na katika waliopewa artesuneti 8.5. Ni watoto wengi hao waliookoka. Lakini artesuneti hupimwa kwa uzito wa mgonjwa, hudungwa mara ya kwanza, tena baada ya saa 12, tena baada ya saa 24, kisha vidonge vya mseto hufuata vyote. Kliniki inayomdunga mtu mara moja saa nne usiku na kumwambia aende nyumbani, imefanya nini? Kama aliumwa malaria kali, imemwacha njiani. Kama hakuwa na malaria kali, hakuwa na haja ya kudungwa.

Sisi watu wa reli tungepaswa kuelewa mambo haya kuliko wengine. Dereva hatoki stesheni kwa neno la mdomo lililopigwa kutoka mbali. Hupewa ruhusa, yenye namba ya treni na mahali pa kufikia, naye hurudia maneno yale yale ili aliyeyatoa ayasikie. Tunafanya hivyo hata kama stesheni masta ni rafiki yetu na njia tumeipita mara elfu. Kwa nini? Kwa sababu katika njia moja treni mbili haziombani radhi.

Basi tazameni kinachofanyika katika chumba cha sindano. Tabibu anasema jina la dawa akiwa mlangoni, muuguzi anachukua kichupa katika sanduku lililojaa vichupa vya kioo vinavyofanana kama mapacha, maandishi yake madogo kama mchwa, na taa ni hafifu. Ziko dawa ambazo zikibadilishana mahali mtu hufa. Potasiamu kloraidi kali, ikisukumwa katika mshipa bila kuchanganywa na maji mengi, husimamisha moyo, nayo ni maji meupe kama maji mengine yoyote. Penisilini ile ya muda mrefu, ya benzathini, ni ya msuli tu. Ikiingia katika mshipa wa damu yaweza kuua. Seftriaksoni inayodungwa msulini huchanganywa na dawa ya ganzi kupunguza maumivu, na mchanganyiko huo haufai kabisa kuingizwa mshipani. Kwa hiyo haitoshi kujua jina la dawa. Yabidi ijulikane njia yake, kama vile haitoshi kujua treni inakwenda bila kujua inapita njia gani katika yadi.

Na kiasi. Hapa ndipo watoto wetu huumia. Dozi ya mtoto huhesabiwa kwa kilo zake, na mtoto asiyewekwa kwenye mizani amekisiwa. Nukta moja ikikosewa, 0.5 ikasomwa 5, mtoto amepata mara kumi. Vilevile miligramu ni uzito wa dawa na mililita ni wingi wa maji yake, na mtu aliyechoka huchanganya hizo mbili kwa urahisi. Dawa iliyoandikwa kwa herufi zinazosomeka, ikisomwa kwa sauti na mtu wa pili akitazama kichupa kabla ya kuvunjwa, haichukui hata dakika moja. Twaona si aibu mgonjwa naye kusema, "Nionyeshe kichupa, unisomee jina na tarehe." Kama wewe umesoma darasa la nne la misheni kama wengi wetu, herufi unazijua.

Kisha kuna jambo la madereva, mashanta na watu wa ishara, nalo latutia hofu kuliko yote. Sindano nyingi za kliniki za haraka huleta usingizi. Piriton na promethazini ambazo hutolewa kwa mwasho na mafua, tramadoli ambayo hutolewa kwa maumivu: mtu aliyedungwa hizo saa mbili usiku aweza kuwa bado na kichwa kizito saa kumi na moja alfajiri, ameshika usukani wa injini yenye mabehewa ya mizigo nyuma yake. Hakuna tabibu atakayejua kazi yako kama hukumwambia. Lakini katika kliniki hizi hatujasikia hata mara moja wakiuliza, "Wafanya kazi gani?" Waulizwe basi walioandika fomu zao: mahali pa jina papo, mahali pa simu papo, mahali pa kazi hapapo. Tunaposema habari hii wengine hujibu kwamba dereva akikubali ana usingizi atapoteza zamu. Ni kweli, na ndilo shauri la chama kulitengeneza. Si la kunyamaziwa.

Juu ya bomba chafu tutasema machache, maana elimu hii imeenea. Huko Misri, tangu miaka ya 1950 mpaka mwanzo wa miaka ya 1980, serikali iliwadunga watu wengi sindano za kichocho kwa nia njema kabisa, kwa mabomba ya kioo yaliyotumiwa tena na tena bila kuchemshwa ipasavyo, na kwa njia hiyo homa ya ini ya C ikaenea nchi nzima. Walioponywa kichocho wakafa kwa ini baada ya miaka mingi. Mwaka 2018 serikali yao ilianza kupima damu za watu mamilioni kwa ajili ya kosa lile. Katika kijiji cha Roka, Kambodia, mwaka 2014, watu zaidi ya 200 waligunduliwa wana virusi vya UKIMWI. Aliyekuwa akiwadunga hakuwa na leseni, na walimpenda kwa kuwa aliwatibu kwa mkopo. Wala mtu asifikiri ni mambo ya maskini tu: Las Vegas, Marekani, mwaka 2008, watu zaidi ya 40,000 waliandikiwa barua wakapimwe damu, kwa sababu kliniki moja ilichota dawa ya usingizi kwa bomba lililokwisha kutumika, na kichupa cha mtu mmoja kikatumiwa kwa wengi. Hapo sindano ilikuwa mpya, na bado haikutosha. Bomba pia liwe jipya, na kichupa cha mtu mmoja kiishie kwake.

Tumetaja mabaya, tutaje na mema. Mwaka 2000 ilikadiriwa kwamba sindano zisizo salama ziliwapa watu 260,000 virusi vya UKIMWI na watu milioni 21 homa ya ini ya B. Kufika mwaka 2010 makadirio yalishuka hadi 33,800 kwa UKIMWI na milioni 1.7 kwa homa ya ini ya B. Mabomba ya kutupa baada ya mara moja yamefanya kazi hiyo, na tangu 2015 Shirika la Afya limezitaka nchi zihamie kwenye mabomba yanayojifunga yenyewe yasiweze kutumika mara ya pili. Kazi ikitakwa kufanywa, hufanyika.

Tusiwasahau na wale wanaodunga. Kijana yule wa koti jeupe, tulipokwisha kukasirika, tulifikiri juu yake pia. Huenda alikuwa peke yake tangu asubuhi. Katika kliniki nyingi za usiku mtu mmoja ndiye huandika, hudunga, huuza dawa, hupokea pesa na kupiga deki. Akijichoma kwa sindano yenye damu ya mgonjwa, hatari iko juu yake: kwa UKIMWI kama watu 3 katika 1,000, na kwa homa ya ini ya B, kama hajachanjwa, yaweza kufika 30 katika 100. Yapasa aoshe kwa maji na sabuni, aandikishe ajali, aanze dawa za kinga kabla ya saa 72 kupita na kuzimeza siku 28. Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini ya mwaka 2007 ni yake kama ilivyo yetu. Lakini asiye na chama atamwambia nani? Hawa ni wafanyakazi wenzetu, na mtu aliyechoka hivyo ndiye anayetudunga.

Basi tunataka nini? Tangu Oktoba 2024 tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kwa bima mpya ya afya ya jamii, mahali pa ile ya zamani. Mtu anayelipa ana haki ya kuuliza. Kwanza, twataka karatasi. Kila aliyedungwa apewe karatasi yenye jina la dawa, kiasi, mahali ilipodungwa mwilini, saa, na jina la aliyedunga pamoja na namba yake ya leseni. Mengine tungeweza kuyangoja, lakini hili haligharimu kitu, na kliniki inayokataa kuandika inajua kwa nini inakataa. Pili, kliniki yoyote inayowadunga watu wetu kwa mapatano na wakuu wa kazi iwe na adrenalini tayari mezani, si katika kabati lililofungwa na ufunguo uko kwa mwenye nyumba. Mwili wa mtu ukikataa dawa, koo huziba kwa dakika chache. Dawa yake ni nusu miligramu ya adrenalini kwa mtu mzima, katika msuli wa paja upande wa nje, upesi. Kwa sababu hiyo hiyo mtu akishadungwa akae kama nusu saa pale pale. Sisi hutoka mbio kukimbilia matatu.

Nasi tuache kuomba sindano. Tumwambie tabibu, "Kama kidonge chatosha, nipe kidonge." Tumwambie na dawa iliyowahi kutudhuru, na kama mke ana mimba tuseme.

Juu ya mwenzetu: hospitali imempa kiatu chenye chuma cha kushikilia wayo, na mazoezi mara mbili kwa juma. Daktari amesema neva yaweza kupona polepole, au isipone. Kamati ya tawi imeandika kwa wakuu wa kazi asipunguziwe posho wakati anapotibiwa, na imepeleka malalamiko kwa baraza linalotoa leseni za kliniki. Baraza limejibu likiuliza dawa iliyotumika ilikuwa gani. Tumerudi kliniki mara mbili kuuliza, na mara ya pili tuliambiwa kijana yule hafanyi kazi pale tena. Kama kuna mwanachama aliyedungwa pale mwaka jana na ana karatasi yoyote, hata risiti, ailete kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi.